Atanitibuje goti bila kulishika?

Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu. Nimesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka 30 na sasa magoti yananidai. La kulia ndilo baya. Asubuhi linaamka gumu, halikunjiki wala halinyooki sawasawa, mpaka nizunguke ndani ya nyumba dakika 10 au robo saa ndipo lilegee. Kupanda ngazi najikongoja. Kushuka ndiko kunakonitoa machozi, na mwezi huu mara mbili goti limeniachia ngazini, nikadaka kishikio. Siku nyingine maumivu hayakai gotini peke yake, yanaanzia huku juu kwenye kinena na kushuka kwa mbele ya paja. Nilipopigwa eksirei daktari alisema goti limesagika. Majirani wanasema mafuta yameisha.

Daktari akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mwenye adabu sana. Siku ya kwanza alinipima karibu saa nzima. Alilikunja goti, akalinyoosha, akabonyeza kila upande, akanitembeza, halafu akaniambia niinuke kitini na kukaa tena, upesi upesi, mikono nimeikunja kifuani, yeye anatazama saa. Sikuelewa ile saa ilikuwa ya nini. Siku ya pili alilikanda goti na kuisogeza pia ya goti taratibu huku na huku. Nakwambia kweli, niliposhuka pale kitandani nilihisi nimepewa goti jipya. Lakini kliniki iko mbali. Kwenda ni saa 2, kurudi saa 2, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Nilipofika nyumbani lile goti jipya lilikuwa limevimba na nililala na maumivu.

Kilichonifanya nikuandikie ni maneno aliyoniambia siku hiyo ya pili wakati naaga: "Mama, kuanzia sasa tutaonana kwa video kila wiki, na hapa utakuja mara moja kwa mwezi." Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni niliona nimeachwa. Hivi kuna fundi anayetengeneza kitu bila kukishika? Mwanangu wa kiume anasema siku hizi kila kitu ni simu, nisiwe mgumu. Mdogo wangu anasema huyo kijana amepata njia ya kufanya kazi amekaa.

Vikao viwili vya video tumeshafanya na vyote havikunifurahisha. Cha kwanza niliegemeza simu kwenye jagi la maji mezani, akawa anaona kichwa changu na dari. Mjukuu akaishika, mkono ukawa unatikisika, na yeye anacheka bibi yake anavyoinama. Mtandao ukakatika mara tatu. Cha pili aliniomba nipandishe gauni kidogo aone magoti, nikaona haya. Pale kliniki sikuona haya, sijui kwa nini mbele ya simu nimeona. Alinipa zoezi la kuinuka kitini mara 10, seti 2. Nikafika mara ya 6 goti likaanza kuuma. Si maumivu ya kupiga kelele, ya kuvumilika tu, lakini niliogopa, nikajiambia kama limesagika si ndiyo nazidi kulisaga? Nikaacha. Tangu siku hiyo sijayafanya, na kikao cha tatu nimemwambia nina wageni. Sina wageni.

Ninakunywa vidonge vya maumivu ambavyo mdogo wangu aliandikiwa yeye, vinanisaidia usiku. Nina presha, lakini iko vizuri.

Niambie ukweli. Huyu atanitibuje goti bila kulishika? Au nitafute mwingine ambaye nitakwenda kwake hata mara mbili kwa wiki, anishike kama inavyotakiwa?

Mama wa Ngazini

—

Shikamoo, mama.

Hujaachwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalouma kuliko goti. Mpango aliokupa kijana yule, wa kuchanganya kliniki na video, mimi mwenyewe ningekupa, isipokuwa mahali pamoja ambapo sikubaliani naye na nitakuambia. Ila alikosea kukutangazia mpango huo mlangoni wakati unaaga. Jambo kama hilo mgonjwa huelezwa amekaa, akauliza, akakataa anachotaka kukataa. Sisi watu wa fani hii tunasahau kwamba mtu anaposikia "video" anasikia "usije tena".

Umeuliza kuhusu mkono, na swali lako ni la haki. Mkono wa tabibu wa viungo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kujua. Kwa vidole ndiyo tunahisi kama goti lina joto, kama kuna maji ndani, kama kano za pembeni zimekaza au zimelegea, kama maumivu yanatoka gotini au yanasingiziwa goti. Kazi hiyo simu haiiwezi, na atakayekuambia inaiweza usimsikilize. Ya pili ni kutuliza. Ulipohisi goti jipya hukujidanganya, nafuu ile ilikuwa ya kweli. Lakini tazama mwenyewe ilidumu kwa muda gani: saa 2 za safari zikaimaliza. Nafuu ya kukandwa huwa hivyo kwa wengi, inakuja haraka na kuondoka haraka.

Kazi ya tatu ndiyo inayobadilisha maisha ya mtu mwenye goti kama lako, na hiyo haina mkono wa mtu mwingine. Ni kuujenga msuli mkubwa wa mbele ya paja, pamoja na ile ya makalio na nyuma ya paja, ili ibebe mzigo ambao sasa goti linaubeba peke yake. Msuli haujengwi kwa kukandwa. Hujengwa kwa kufanyishwa kazi mara 2 au 3 kwa wiki, wiki baada ya wiki, na nafuu yenyewe kwa kawaida huanza kuonekana baina ya wiki ya 6 na ya 12. Wewe ulikuwa mwalimu. Mtoto hakujua hesabu kwa sababu uliandika vizuri ubaoni. Alijua kwa sababu alizifanya, akakosea, ukasahihisha, akazifanya tena. Kikao cha video ni kusahihisha daftari.

Sasa lile neno "limesagika". Limewaweka watu kitako wengi mno, na naona limekuweka na wewe. Ukilisikia unaona mawe mawili yanasuguana na kila hatua inapunguza kitu kisichorudi. Hali ilivyo ni hii: gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limepungua, na mfupa ulio chini yake umebadilika. Hilo ni kweli. Lakini gegedu ni kitu hai. Halina mishipa ya damu, linapata chakula chake kutoka kwenye ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, kubebeshwa na kuachiwa. Kuinuka kitini na kukaa ndiyo kazi hiyo hiyo. Watafiti waliochunguza gegedu za watu waliofanya mazoezi ya tiba hawakukuta kwamba mazoezi yaliliharibu. Na hayo mafuta yanayosemwa yameisha, mama, siku ile goti lilipovimba baada ya safari lilikuwa na ute mwingi kupita kawaida, wala halikupungukiwa.

Eksirei nayo usiipe ukubwa usio wake. Tangu mwaka 1957 madaktari wana kipimo cha kupanga picha za goti kuanzia daraja 0 hadi 4, na mpaka leo daraja hilo halitoshi kusema mwenye goti anaumwa kiasi gani. Wapo wenye picha mbaya wanaopanda vilima, na wapo wenye picha nzuri wasiolala.

Kwa hiyo ulipofika mara ya 6 goti likauma, hukuwa unalisaga. Ulikuwa umefika mahali ambapo tabibu wako alipaswa kuwepo kukuambia "hapo hapo, usiogope" au "pandisha kiti". Kanuni ninayoitumia mimi, na matabibu wengi wanaitumia, ni ya namba. Chukua 0 kuwa hakuna maumivu kabisa na 10 kuwa makali yasiyovumilika. Wakati wa zoezi, maumivu ya hadi 5 si ya kukimbia, mradi yarudi yalikokuwa kabla ya siku ya pili yake na goti lisivimbe zaidi. Yakipita hapo, au asubuhi ukaamka vibaya kuliko jana, usiache zoezi, lipunguze. Weka mto mgumu juu ya kiti ili kiwe juu zaidi. Tumia mikono kujisukuma. Fanya mara 6 badala ya 10. Ukizoea, ondoa mto, kisha ondoa mikono, kisha kaa taratibu ukihesabu mpaka 3 kabla makalio hayajagusa kiti. Huko kukaa taratibu ndiko kutakakokusaidia kushuka ngazi, kwa sababu ni msuli ule ule unaofanya kazi ile ile ya kushika breki.

Umetaka ukweli kuhusu video, na ukweli haupaswi kuwa maneno yangu tu. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Australia kwa watu 394 wenye maumivu sugu ya goti. Kundi moja lilionana na tabibu ana kwa ana, jingine kwa video tu. Kila mtu alipangiwa vikao 5 katika miezi 3, pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani. Miezi 3 ilipotimia waliotibiwa kwa video hawakuwa nyuma ya wenzao, si kwa maumivu wala kwa kuweza kufanya shughuli zao. Ona hiyo idadi: vikao 5. Hata wale wa ana kwa ana hawakushikwa mara mbili kwa wiki. Na Uholanzi, mwaka 2018, ulitoka utafiti wa wagonjwa 208 wa goti na nyonga. Waliochanganya kliniki na programu ya mtandaoni ya nyumbani walikwenda kwa tabibu kama mara 5, wenzao wa matibabu ya kawaida kama mara 12, na uwezo wao wa kufanya shughuli ulipanda kwa namna moja. Pale Uholanzi ilikuwa tovuti, haikuwa kuonana kwa video, nakuambia kwa sababu mwalimu lazima angeuliza. Wewe umepangiwa vyote viwili, mikono na macho.

Macho hayo nayo yanaona yasiyoonekana kliniki. Kliniki ina kiti kimoja cha urefu mmoja, sakafu tambarare, na ngazi ya majaribio yenye vishikio pande zote mbili. Goti lako halikukuachia pale. Limekuachia kwenye ngazi zako. Kikao kijacho mpeleke tabibu ngazini: mtu mzima wa nyumbani ashike simu, wewe ushike kishikio, ushuke vidato viwili tu akitazama. Ataona kama vidato ni virefu, kama viatu vinateleza, kama goti linaingia ndani unapolishusha. Mpaka hapo, panda ukitanguliza mguu mzima na shuka ukitanguliza ule mbovu, kidato kimoja kimoja, miguu yote ikutane kabla ya kingine. Ukitumia mkongojo, ushike mkono wa kushoto, kinyume cha goti linalouma. Wengi huushika upande wa maumivu na kushangaa kwa nini hausaidii.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na kijana yule. Umeandika mambo mawili ambayo sijui kama ulimwambia: goti kukuachia mara mbili, na maumivu yanayoanzia kinenani. Hayo hayasubiri zamu ya mwezi na hayapimwi kwa video. Nyonga ikiumwa hupeleka maumivu mpaka gotini, na mtu anaweza kulitibu goti mwaka mzima wakati mgonjwa ni jirani yake wa juu. Anayetaka kujua lazima akulaze, ashike mguu, auzungushe kwenye nyonga, asikilize unalalamika wapi. Goti kuachia mara nyingi ni msuli uliochoka au maumivu yanayouzima ghafla, lakini kano lazima zijaribiwe kwa mikono. Mpigie wiki hii, mwambie hayo mawili kwa maneno uliyoniandikia mimi, uombe siku ya karibu ya kliniki. Safari hiyo inastahili saa 4 zake. Ukiwa njiani omba kiti cha pembeni penye nafasi ya kunyoosha mguu, na kila baada ya muda ukunje na kuunyoosha, usiuache ulale katika kona moja.

Lakini kwenda mara mbili kwa wiki ili ukandwe, hilo sikushauri. Saa 4 mara mbili ni saa 8 kila wiki goti limekunjwa na kubanwa. Ungekuwa unalipia nafuu ya jioni kwa uvimbe wa usiku, na siku za kufanya mazoezi zingekwisha njiani. Kliniki iwe na sababu: kupima mwanzo, kupima upya kitu kinapobadilika, kukuongezea zoezi gumu ambalo mara ya kwanza linahitaji mtu wa kukudaka, na kuhesabu mlipofika. Kila anapokuita muulize, "Nikija utafanya nini ambacho kwenye video hukiwezi?" Jibu likiwa wazi, nenda. Akisema ni utaratibu tu, mwambie mkutane kwa simu.

Tuje kwenye simu yenyewe, maana vikao vyako viwili vimeharibiwa na jagi la maji. Simu isishikwe na mtu mnapofanya zoezi la kitini. Ilaze upande, iegemeze kwenye vitabu juu ya stuli au meza fupi, iwe usawa wa kiti unachokalia, wewe uwe mbali nayo hatua 3 au 4. Dirisha au taa iwe nyuma ya simu. Ikiwa nyuma yako, ataona kivuli. Kiti kiegemee ukuta ili kisikimbie, kisiwe na magurudumu, zulia linaloteleza liondolewe, na uvae viatu vya kushika kisigino, si ndala. Akitaka kuona unavyoinuka, kaa ubavu. Akitaka kuona kama magoti yanaingia ndani, mkabili. Haya yote mjukuu anaweza kukupangia kwa dakika 5 kabla ya kikao, halafu atoke. Kazi yake ni kutega simu na kukaa chumba cha pili asikie ukiita. Kucheka kwake ni utoto, lakini si lazima ukuvumilie.

Ile aibu uliyoiona mbele ya simu ni jambo la kawaida sana, na nadhani najua kwa nini kliniki haikuja. Pale kulikuwa na pazia, kitanda, mlango uliofungwa, na mtu unayemwona. Kwenye simu hujui nani amekaa pembeni yake. Basi muulize. Una haki ya kujua kama yuko peke yake, kama kikao kinarekodiwa, na kukataa kisirekodiwe. Wala hakuna haja ya kupandisha gauni mbele ya kamera. Vaa suruali laini ya kubana kidogo au kaptura ndefu chini yake kabla ya kikao, goti litaonekana umbo lake na wewe utabaki umesitirika. Ukipenda tabibu wa kike, sema. Hilo halimvunjii heshima yule kijana.

Mkubaliane pia mambo mawili ambayo matabibu wazembe huyaruka. Mwanzo wa kila kikao ajue uko wapi hasa na nani yuko karibu, pamoja na namba ya mtu huyo, ili ukianguka asibaki anatazama skrini. Na mtandao ukikatika, akupigie simu ya kawaida, nawe ukae kitini unasubiri, usiendelee na zoezi la kusimama.

Mdogo wako anasema kijana amepata njia ya kufanya kazi amekaa. Anaweza kuwa sahihi, na wewe ndiye utakayejua. Tabibu anayefanya kazi kwa video anakuuliza ulifanya mara ngapi na uliumia kiasi gani, anakutazama ukifanya, anakukosoa, na baada ya wiki mbili tatu zoezi si lile lile tena. Akiwa kila wiki anakuuliza hali, anasema "endelea hivyo hivyo" na kuaga, hiyo si tiba, lalamika au badilisha. Ila mpe kwanza nafasi ya kukuona. Mpaka sasa ameona dari yako.

Na umwambie hukuwa na wageni. Sikulaumu, mama. Lakini yeye anadhani uko kwenye mara 10, seti 2, na akipandisha kutoka hapo atakuumiza. Mwambie ulifika 6 ukaogopa. Hiyo 6 ndiyo namba ya kuanzia.

Vile vidonge vya mdogo wako vipeleke kwa daktari au mfamasia leo au kesho, na utaje presha. Vidonge vingi vya maumivu ya viungo hupandisha presha na kuumiza tumbo na figo, na presha yako kuwa nzuri ni jambo la kulindwa. Kwa goti kuna dawa ya kupaka ya jamii hiyo hiyo ambayo kwa kawaida hujaribiwa kwanza, kwa kuwa kidogo sana huingia mwilini. Daktari atakuambia kama inakufaa.

Hali chache hazina habari ya video wala ya zamu ya kliniki, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo: goti kuvimba likawa jekundu na la moto huku una homa, shavu la mguu kuvimba na kuuma, na zaidi kama pumzi inakata au kifua kinauma, goti kujifunga lisikunjuke, au kuanguka ukashindwa kuukanyagia mguu.

Umeniuliza kwa kupita tu ile saa ilikuwa ya nini. Alikuwa anahesabu umeinuka mara ngapi katika sekunde 30. Namba hiyo ameiandika kwenye faili lako, na ni yako, kwa hiyo umuulize ilikuwa ngapi. Kwenye kikao kijacho mjukuu akishatega simu na kutoka, kiti kikiwa ukutani, kabla ya jambo jingine lolote kunja mikono kifuani na umwambie atazame saa tena.